Marehemu Évariste Kalala, Mtu wa Poste Mbili

Ndugu, majirani, wakristo wenzetu wa Likasi, na ninyi mliofika jana kutoka Kambove, kabla hatujambeba Évariste Kalala Mbuyi kumpeleka makaburini leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, familia imeomba nafasi ya kuwasomea maisha yake, na inawaomba mvumilie baridi hii, walio mbali na mbabula wasogee karibu na moto, wenye watoto wawafunike, kwa maana maisha ya huyu mtu hayasomeki kwa haraka. Wote mlimjua kuwa mtu wa poste, yaani wa redio, wa ampli, wa bafle, ndizo spika, na wa ordinatere, ndizo kompyuta kuukuu, na ni nyumba chache hapa Kikula ambazo hazina kitu alichokifufua, lakini wachache wanajua kwamba neno hilo dogo, poste, ndilo lililompatia mke, na ndilo lililomweka roho juu Mama Adrienne, mjane wake mnayemwona hapa mbele, tangu mwaka 1996 hadi jana. Yeye mwenyewe ameruhusu yasomwe yote, hata yale yanayomhusu, na amesema tusipunguze kitu.

Marehemu alizaliwa hapa Likasi tarehe 14 Februari 1968, mtoto wa nne wa Papa Éphraïm Kalala, karani, na Mama Mwadi, muuza vitambaa, wote wawili watu wa Kasai kwa asili, ingawa hawakuwahi kuishi huko, kwa kuwa ni babu zao walioletwa na kazi ya migodi, wakazaa, wakazikwa hapa hapa. Hakuwa mtoto wa mpira, alikuwa mtoto wa kuegemeza sikio kwenye redio kubwa ya baba yake, ile ya sanduku la mbao yenye taa ndani, na hakuwa akisikiliza habari, alikuwa akisikiliza ule mngurumo unaotangulia habari, na siku moja alimwambia baba yake kwamba kuna kitu ndani kinataka kuungua, akapigwa kofi kwa kuleta mkosi, na redio ikaungua kabla juma halijaisha. Tangu hapo baba yake alimwachia aifungue apendavyo, na mama yake akaanza kumwogopea umeme.

Masomo ya msingi aliyafanya hapa mjini kuanzia Septemba 1974 hadi Julai 1980, kisha akapelekwa bweni Mulungwishi, alikokaa hadi alipopata diploma yake mwaka 1987, na walimu wake walimhesabu kuwa mwanafunzi wa katikati, si wa mbele, si wa nyuma, ila chombo chochote kilipokoroma, kipaza sauti cha ibada au gramafoni ya kwaya, jina lake ndilo lililoitwa. Huko ndiko alikojifunza kusude, yaani kuunga waya kwa bati la kuyeyusha, na kwa kuwa hakuwa na chuma cha umeme alitumia msumari mnene uliolala katika makaa hadi ukawa mwekundu, na namna hiyo ya kazi hakuiacha hata alipopata chuma cha kisasa, kwa sababu alisema umeme unakatika unapotaka wenyewe, lakini makaa ni ya kwake.

Alitafuta kazi ya kuajiriwa tangu alipotoka shuleni, akaahidiwa mara nyingi, hakuitwa hata mara moja, kisha ikaja ile miaka ya 1992 na 1993 ambayo hatutaki kuirudia hapa, wengi waliomo katika uwanja huu wanaikumbuka, majirani waligeukana, watu wa Kasai wakafukuzwa, wakalala stesheni wakingoja treni, na mwezi wa Machi 1993 wazazi wa marehemu na ndugu zake walipanda, wakaenda Mwene-Ditu, mji ambao hawakuujua, na Papa Éphraïm alifia huko mwaka uliofuata. Marehemu alibaki, kwa kuwa mjomba wake Benoît, aliyekuwa ameoa mwanamke wa hapa, alimficha kwa wakwe zake, na vitu vyake vyote vilikuwa viwili, redio kubwa ya baba yake, na redio ndogo ya betri aliyoachiwa na jirani aliyepanda treni ile ile. Kwa hizo mbili alianza kazi, kwenye kibaraza cha mjomba, akitengeneza redio za watu, na watu walikuja, hata wale ambao mwaka mmoja nyuma hawakutaka kumwona njiani, na yeye aliwapokea bila kuwakumbusha.

Kwenye kibaraza hicho ndipo alipomwona Adrienne Mumba, mzaliwa wa Kambove wa tarehe 2 Mei 1974, aliyekuwa amekuja Likasi kukaa kwa dada yake, akaleta kaseti iliyomezwa utepe, akakaa kungoja, akarudi na nyingine, na nyingine tena, hadi mjomba Benoît akauliza kama kwao Kambove wanatafuna kaseti. Baba yake Adrienne, Papa Déogratias Mumba, alikuwa karani wa zamu mgodini, mtu mwenye namba ya kompanyi, nyumba ya kompanyi, karatasi ya hospitali na gunia la unga la kila mwezi, na alikuwa na swali moja tu kwa kijana yeyote aliyemtaka binti yake, kama ana kazi. Kumpa mtu wa Kasai binti, miaka mitatu tu baada ya treni zile, halikuwa jambo jepesi, ndugu zake walimsema, majirani walimsema hadi mlangoni, lakini yeye alijibu kwamba mtu mwenye kazi ni mtu, alikotoka hakumhusu, na kwa neno hilo aliwafunga midomo, akajiweka mwenyewe mbele ya ukoo mzima.

Hapa inabidi tuwaeleze mliotoka mbali, kwamba kwetu poste ni redio, na poste pia ni kazi ya kuajiriwa, neno ni lile lile, na mtu hujua ni ipi kwa kuangalia mnazungumza habari gani. Siku ya mahari, Jumamosi tarehe 20 Aprili 1996, mjomba Benoît ndiye aliyekuwa msemaji wetu, na asubuhi ile marehemu alikuwa amemwonyesha zile redio mbili zikiimba pamoja wimbo mmoja, jambo ambalo mjomba hakuwahi kuliona, akatoka Likasi akiziwaza, akafika Kambove akiziwaza bado, na Papa Déogratias alipouliza mbele ya wazee wote, "Mutoto yenu iko na poste?", mjomba alijibu bila kumeza mate, "Eeh, iko na poste mbili, moya ya mukubwa, ingine ya mudogo, na zote zinatumika muzuri sana." Wazee walipiga makofi, kwa kuwa katika Kiswahili chetu kutumika ndiko kufanya kazi, na Papa Déogratias akaelewa kwamba mkwe wake ana kazi kubwa ya mchana na nyingine ndogo ya kuongezea, akawageukia wale ndugu waliokuwa wakimsema, akawatazama mmoja mmoja, akaagiza bia.

Adrienne alikuwa jikoni, na mama yake alipomkimbilia na kumwambia, "Mwanangu, poste mbili!", alielewa pale pale, kwa sababu alizijua zile poste, alikuwa amezifuta vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe. Alingoja mtu arekebishe, hakuna aliyerekebisha, mjomba alikuwa amesema kweli na wakwe walikuwa wamesikia kweli, na yeye peke yake ndiye aliyesimama katikati, akijua. Tangu siku hiyo hadi harusi aliacha kila sahani nusu, kila mara baba yake aliposimama barabarani kumsifia mtu mkwe wake wa kazi mbili, yeye aliingia ndani, na hakumwambia hata Évariste, maana alimjua, angepanda baiskeli siku ile ile kwenda Kambove kusahihisha, na harusi isingekuwapo. Walifunga ndoa hapa Likasi, Jumamosi tarehe 17 Agosti 1996, bibi harusi amekonda hadi nguo ikashonwa upya, na wageni walidhani ni haya.

Jumapili tarehe 6 Oktoba mwaka huo Papa Déogratias alikuja kwa mara ya kwanza kula kwa mkwe wake, amevaa koti na kofia, na Mama Adrienne alikuwa amepika bukari, ndio ugali, sombe ya majani ya muhogo, na kuku, ameazima sahani, ameazima hata viti. Mzee alikaa, akatazama chumba kile kimoja na nusu, akatazama sanduku la nyaya chini ya kitanda, na kabla hajanawa mikono akasema, "Sasa, mukwe, unionyeshe ile poste." Marehemu, ambaye hakuna swali lililomfurahisha kuliko hilo, alifuta mikono, akaiwasha redio kubwa, akaomba wangoje taa zipate joto, na redio ikaimba, na mzee akangoja wimbo uishe kwa adabu, kisha akasema tena, "Poste, mukwe," na marehemu akajibu, "Njo hii, Papa," akawasha na ile ndogo. Mama Adrienne alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la bukari mikononi, mvuke ukimpiga usoni, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma, akaona macho ya baba yake yakitoka kwenye redio kubwa kwenda kwenye ndogo, kisha yakaenda kwa mjomba Benoît, aliyealikwa pia, aliyekuwa tayari amenawa. Mzee hakupaza sauti, alichukua kofia yake, akasema, "Siku utakuwa na poste, njo nitakula kwako," akatoka, na bukari ikapoa.

Neno hilo alilishika. Mungu aliwajalia Papa Évariste na Mama Adrienne watoto watatu, Franck aliyezaliwa tarehe 11 Januari 1998, Sylvie tarehe 30 Septemba 2001, na Orpha tarehe 5 Juni 2006, na kwa kila mmoja Papa Déogratias alikuja kutoka Kambove, akasimama barabarani nje ya ukuta, mtoto akatolewa akapelekewa, akambeba, akamwimbia, akamfunika kitambaa kipya, akamrudisha, kisha akaenda kula kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Kila mara Mama Adrienne alipika kama anakuja kula, na kila mara alifunika sahani, akakaa karibu nayo akisikiliza mlango, na harufu ya samaki wake iliwafikia wote isipokuwa yule aliyepikiwa. Alisema mara nyingi kwamba afadhali baba yake angekuwa mtu mbaya, angemkasirikia na kupumzika, lakini hakuwa mbaya, alikuwa mtu aliyejiweka mbele ya ukoo wake kwa ajili ya poste mbili, ukoo ukamcheka, na jambo hilo yeye binti alilijua kabla ya wote.

Marehemu kwa upande wake alifanya kazi. Wakati redio za taa zilipokwisha na kaseti zikaanza kupotea, hakulia nazo, alichukua redio za magari yaliyokufa, akazipa umeme wa ordinatere zilizokufa, kwa maana aligundua kwamba sanduku la umeme la ordinatere ukiliunganisha waya wake wa kijani na ule mweusi linaamka lenyewe na kutoa nguvu ile ile ya betri ya gari, na kwa namna hiyo watu wengi wa Kikula walisikiliza muziki wa ampli ambayo dukani wasingethubutu hata kuigusa. Bafle alizijenga kwa mbao za masanduku, karatasi ya ndani iliyochanika akaibandika kwa kitambaa cha mwavuli, na ordinatere zilipoanza kufika mjini kwa marundo, mitumba ya ofisi za watu wengine, alichukua tatu zilizokufa akatoa moja hai, akasugua meno ya vipande vya kumbukumbu kwa kifutio cha shule hadi yakang'aa, akaiwekea sistemu nyepesi ya bure, na wanafunzi wengi waliopo hapa waliandikia kazi zao za mwisho kwenye mashine ambazo zilikuwa zimeshatupwa mara mbili.

Kazi hiyo ilimletea Mama Adrienne hofu ya pili juu ya ile ya kwanza, hofu ya umeme, kwa kuwa umeme wa hapa mtaani huja dhaifu, halafu huja na nguvu zote kwa mpigo, na mume wake alikuwa na vidole ndani ya vitu vilivyo wazi. Walipatana kwamba kabla ya kuchomeka kitu chochote marehemu aite kwa sauti, "Naweka!", na yeye, popote alipo, jikoni au kisimani, aache shughuli yake, ajibu, "Weka!", na wote wawili wangoje kidogo, na watoto wa nyumba hii walijifunza maneno hayo kabla ya kujifunza kuomba maji. Aliishi hivyo miaka yote, sikio moja kwenye chumba cha kazi na sikio jingine kwenye barabara ya Kambove, na mtu akimuuliza mbona hanenepi anajibu kwamba hana nafasi.

Mwaka 2003 Papa Déogratias mwenyewe alipumzishwa kazi, yeye pamoja na wenzake wengi, na Mama Adrienne alimkataza mume wake asiende kumpa pole, akiogopa mzee atadhani amekuja kucheka, lakini marehemu alikwenda, kwa baiskeli, mikono mitupu, na mzee akampa kiti barazani, akaagiza aletewe chakula, akamtazama akila, hawakuzungumza poste yoyote, wakazungumza mvua. Mzee hakuwahi kumnyima mkwe wake chakula, alichokataa ni kupokea chake, na marehemu aliporudi alisema kwamba alikula vizuri na kwamba aliona aibu kula.

Kisha ikaja tarehe 3 Machi 2008, ambayo Mama Adrienne anaikumbuka kuliko siku ya harusi, siku marehemu alipoajiriwa, kwa karatasi na sahihi, kutengeneza ordinatere katika ofisi moja ya kuchapa hapa mjini, ofisi ambayo haipo tena. Habari ilifika Kambove kabla ya jua kuzama, na jibu likarudi, mzee atakuja kula Jumapili inayofuata Pasaka, na Mama Adrienne alianza kupiga chokaa, akanunua kuku wawili wazima akawafunga jikoni ili asije akawakosa siku yenyewe, na wakati huo huo hakuacha kuogopa, kila jioni alimtazama mume wake usoni akirudi kama mtu anayesoma tangazo. Ijumaa, siku mbili kabla ya mzee kuja, mwenye ofisi alifunga milango, akapakia mashine zote akahamia Kolwezi, na marehemu akarudi nyumbani mchana na begi lake.

Mama Adrienne alimsihi kwa kupiga magoti kwamba wanyamaze mpaka Jumapili ipite, akasema, "Acha akule kwanza, njo tutamwambia," akasema kwamba mzee akishakula ameshakula, hawezi kukitapika, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kumkatalia mke wake jambo, alimkatalia hilo, akasema, "Mara ya kwanza tulimudanganya bila kujua. Sasa tutamudanganya na kujua?" Mama Adrienne aliinuka, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba hata ile mara ya kwanza mtu mmoja alijua, na neno hilo lilimkaa kifuani tangu siku ile. Marehemu aliazima simu, akapiga Kambove mbele yake, akasema, "Papa, usikuye. Poste imeisha," na mzee akasema, "Ulifanya muzuri kunieleza," na hakuja.

Baada ya hapo marehemu hakutafuta tena kuajiriwa, wala Mama Adrienne hakumuomba tena atafute, na chumba cha kazi kilikua kikala nusu ya uwanja, na watoto walisoma kwa chumba hicho, Franck leo ni mwalimu Kapolowe, Sylvie ni muuguzi, Orpha yuko mwaka wa mwisho, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufukuzwa shule. Familia inayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu miaka hiyo yote sahani ile iliendelea kupikwa na kufunikwa.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi wa Oktoba 2022, damu ilipanda, miguu ikavimba, akaambiwa apunguze chumvi na asikae akiwa ameinama, na aliipunguza chumvi. Mwezi wa Machi mwaka huu figo zilichoka, akalazwa hapa mjini, akatoka, akalazwa tena tarehe 2 Juni, na kitandani alikuwa akiuliza mambo mawili tu, kama ordinatere ya parokia aliyoiacha wazi imefunikwa isiingie vumbi, na kama kuna habari kutoka Kambove. Mama Adrienne, ambaye alikuwa akiogopa simu ile kuliko sindano zote za hospitali, alijipa moyo akapiga tarehe 5, akamwambia baba yake kwamba Évariste anaumwa sana na anauliza habari zake, na mzee alijibu neno moja, "Nitaona." Alikaa na neno hilo akiligeuza huku na huku, siku nyingine alilisikia kuwa ndiyo, siku nyingine kuwa hapana, na kila mlango wa chumba cha wagonjwa ulipofunguliwa aligeuka yeye kabla ya mgonjwa. Asubuhi ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake, marehemu alifariki akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, na umeme, ulioogopwa katika nyumba hii miaka yote, haukuwa umemgusa hata mara moja.

Tungeweza kuishia hapo, lakini jana Ijumaa yametokea mambo ambayo ni sehemu ya historia yake. Mnajua desturi, kwamba baba wa mjane ana haki ya kusimama katikati ya matanga kabla ya mazishi na kutoa moyoni alichonacho juu ya ndoa ile, na hakuna anayeruhusiwa kumnyamazisha, na tulipoarifiwa kwamba Papa Déogratias, mwenye miaka themanini na mitatu, amepanda pikipiki kutoka Kambove, wazee wetu walikaa faragha kutafuta watamjibu nini, na hawakupata, kwa sababu lawama yake ilikuwa ya kweli. Mjomba Benoît alikwenda kujificha kwenye chumba cha kazi katikati ya bafle, akaagiza tuseme hayupo. Mama Adrienne, aliyekuwa ndani kwenye mkeka, alisikia pikipiki ikizima, akafunika uso.

Mzee aliteremka amejaa vumbi, hakusimama katikati, hakuchukua kiti alichowekewa na wanaume, alipita moja kwa moja akaingia katika nyumba ambayo hakuikanyaga tangu mwaka 1996, akaketi chini mbele ya binti yake, akavua kofia, akasema, "Munipatie bukari." Wanawake walitazamana, hakuna aliyethubutu kwenda jikoni, hadi Sylvie akamuuliza babu yake kwa woga, "Nkambo, leo unakula kwetu?", naye akajibu, "Nilikatala juu haikukuwa na poste. Hata mukubwa ya kompanyi, akikufa, haiko na poste. Sasa nitakatala tena juu ya nini?" Akaletewa maji, akanawa, akauliza yule mzee wa maneno mengi yuko wapi, mjomba Benoît akatolewa mafichoni na nyuzi za buibui kichwani, akakalishwa kwenye sahani ile ile, na Papa Déogratias akala, mbele ya wote, taratibu, kama mtu mwenye njaa ya siku nyingi. Ndipo Mama Adrienne, aliyekuwa hajatoa chozi tangu Jumanne, aliposema kwa sauti ambayo karibu isisikike, "Papa, miye nilijua. Ile siku ya poste mbili, nilijua." Mzee alitafuna, akameza, kisha akamsogezea sahani, akasema, "Uniongezeye bukari," na Mama Adrienne akanyanyuka mwenyewe, bila kushikwa mkono, akaenda jikoni kumwongezea baba yake, akilia njia nzima.

Familia inawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliomhudumia marehemu tangu mwaka 2022, waliomsikiliza hata alipowaeleza mashine zao zinavyotoa sauti isiyo sawa, inawashukuru majirani wa Kikula waliovumilia miaka mingi ya muziki kukatika katikati, hasa mama wa ng'ambo aliyekuwa akimpikia Papa Déogratias bila kumchagulia upande, inawashukuru mafundi wenzake wa redio na ordinatere waliofunga vyombo vyao leo, kwaya, parokia, na ndugu wote wa Kambove waliokuja jana nyuma ya mzee wao. Yeyote aliyeacha chombo chake kwa marehemu aje Jumatatu, Franck atamwonyesha kilipo.

Évariste, Papa wa Franck, ulikuwa unauliza habari za Kambove, basi habari ni hizi, baba mkwe wako amekula kwako, tena ameongezewa. Pumzika sasa.